MBWA WANGU NA JIRANI YANGU



Jumapili moja papa mmoja wa kanisa letu hapa Sange alifika mlangoni mwa hekalu pamoja na mbwa wake. Sisi mashemasi, ambao kazi yetu ni kulinda mlango, tulimwomba amfunge nje. Alikasirika, akasema: «Huyu ananifuata sokoni, ananifuata butikini, hajauma mtu. Usiku ule wa risasi majirani wote walikimbia, yeye alibaki mlangoni pangu. Leo nyinyi mwamfukuza?»

Tulikosa jibu. Leo twataka kumjibu kwa upole.

Kwanza, tukiri ukweli. Mbwa si kiumbe cha laana. Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Katika Luka 16 tajiri hakumjali Lazaro, lakini mbwa walimkaribia maskini huyo. Kwa hiyo anayempiga mbwa mawe bure anakosea. Na uaminifu wa mbwa wa papa huyu twauheshimu.

Lakini wema ninaoujua mimi, jirani yangu atauonaje? Twende sokoni. Mama ametandaza ndagala zake chini. Mbwa anapita, ananusa. Mama anatabasamu, hasemi neno, kwa sababu papa ni mtu wa heshima na ni mteja wake. Mnunuzi mwingine ameona, anaziacha zile ndagala. Jioni mama anarudi nyumbani na hasara. Mtoto naye, aliyewahi kuumwa, anamkuta mbwa butikini. Anakimbia bila kutazama, na mbele yake ni barabara kubwa ya Bukavu na Uvira yenye malori.

Mwenye mbwa asema: «Hana ubaya.» Lakini yeye amemjua mbwa huyo miaka mingi, mtoto amemwona dakika moja. Na kunyamaza kwa mnyonge si kukubali.

Tena, hata mwenye mbwa hajui yote. Kichaa cha mbwa huweza kuwa katika mate yake siku chache kabla ya dalili kuonekana. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Dalili zikishamtokea mtu, ni shida sana kupona. Basi mtu akiumwa, tuoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, tumpeleke upesi hospitali apate chanjo. Tuombe tukiwa njiani. Asiwepo wa kusema kwamba maombi yanakataza sindano.

Je, mbwa asiingie popote kamwe? Hatusemi hivyo. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 1987 yamruhusu kipofu kuingia na mbwa anayemwongoza mahali pa watu wote, maana mbwa huyo ni macho yake. Tupime basi: haja yangu ni kubwa kiasi gani, na hofu ya mwenzangu ni kubwa kiasi gani? Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 8, alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu. Nasi tunashindwa kumwacha mbwa nyumbani saa moja?

Sisi huvua viatu tunapoingia mahali patakatifu. Viatu si dhambi. Twavivua kwa heshima ya mahali. Soko na butiki si hekalu, lakini humo mna watu walioumbwa kwa mfano wa Mungu. Heshima hiyo iwafikie nao.

Kwa papa wetu twasema: mpende mbwa wako, mlishe, mpatie chanjo, alinde nyumba yako. Unapokwenda penye watu, mwache nyumbani au mshike kwa kamba. Nasi mashemasi twakubali kosa letu: tulimwambia amfunge nje, wala hatukumwonyesha mahali. Tumeweka kigingi chini ya mwembe, penye kivuli, na chombo cha maji. Jumapili ijayo aje. Mbwa atamngoja pale, na papa ataketi pamoja nasi.

Bwana awabariki. Amina.