Elimu ya Kale katika Ulimwengu Mgeni

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, zikiwekwa ana kwa ana, zagombana. Ya kwanza yasema: Mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema: Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Ya kwanza yamwamuru mtu ashike alichopewa na wazazi wake hata dunia ikigeuka. Ya pili yamwamuru ageuke pamoja na dunia. Mtu ambaye hajapata msiba aweza kuzitumia zote mbili kwa zamu, leo hii na kesho ile, wala asione taabu. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kwake ugomvi wa methali hizi ni moto. Ni yule aliyerithi elimu kubwa ya ulimwengu uliokwisha, akaachwa hai katika ulimwengu asioujua, naye amebeba moyoni huzuni ya waliokufa. Akishika ya kale, ataitwa mjinga. Akiyaacha, ataitwa msaliti. Afanye nini? Nakuomba, msomaji, ulipime swali hili pamoja nami kwa haki, kwa maana siku moja huenda likawa swali lako.

Swali la namna hii halijibiki vema mpaka lipewe mtu na mahali. Mahali petu na pawe Bonde la Ufa, katika nchi ya maziwa na majani mazuri iliyo baina ya Naivasha na Nakuru, chini ya milima ya Kinangop na Mau. Katika karne ya 19 nchi hiyo ilikuwa malisho ya Wamaasai, na jina lenyewe la Nakuru husemwa kuwa latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mtu wetu na awe Olonana, mwana wa Mbatian, ambaye Waingereza walimwita Lenana. Baba na mwana walikuwa malaiboni wakuu wa Wamaasai. Majina yao yangali juu ya Mlima Kenya: kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,199, chaitwa Batian, na kilele kingine, chenye mita 4,985, chaitwa Lenana.

Laiboni hakuwa mfalme. Hakuhukumu kesi za kila siku. Kazi hiyo ilikuwa ya wazee na ya wasemaji wa marika. Kazi yake ilikuwa kujua. Alitikisa mawe katika pembe au kibuyu, akayamwaga na kuyahesabu, akasoma ndani yake habari ya mambo yatakayokuja. Alitazama matumbo ya mbuzi, alifasiri ndoto, alitengeneza dawa, alibariki vijana kabla ya safari za vita. Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni, walakini ilikuwa elimu: ilikuwa na walimu na wanafunzi, na ulikuwako ukoo ulioitunza kizazi baada ya kizazi.

Wewe uliyesoma sayansi huenda ukauliza kama mawe yaliyo katika pembe hujua neno lolote. Ni swali halali, wala sikukatazi kuliuliza. Lakini usikomee kwenye mawe. Mtu anayeendewa na watu kutoka kila upande, mmoja akilalamikia ng'ombe wasiozaa, wa pili akileta habari za ukame, wa tatu akiuliza kama vita vitafaa, hujifunza mengi ambayo mtu mwingine hayajui. Nyuma ya mawe palikuwa na akili iliyozoea kusikiliza, kulinganisha na kukumbuka. Hiyo nayo ni sehemu ya elimu, na pengine ndiyo sehemu iliyo bora.

Sasa tazama huzuni aliyobeba mtu huyu. Katika miaka ya 1880 maradhi ya mapafu yaliwaua ng'ombe wengi. Mwaka 1890 au karibu yake Mbatian alikufa. Baada ya hapo ikaja sotoka, ikafyeka makundi. Ikaja ndui, ikaua watu. Ikaja njaa, ikamaliza wengi wa waliosalia. Wamaasai waliuita wakati huo Emutai, yaani wakati wa kuangamia. Kwa mfugaji, kufa kwa ng'ombe si hasara ya mali tu. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye fidia, ndiye chakula cha mtoto na heshima ya mzee. Akifa yeye, maneno mengi ya lugha hukosa kazi.

Juu ya misiba hiyo uliongezwa ugomvi wa ndugu. Olonana alikuwa na ndugu, Sendeyo, naye pia alidai urithi wa baba. Wako waliosimulia kwamba Mbatian alikusudia kumpa Sendeyo vyombo vya ulaiboni, bali Olonana alisikia kwa siri, akaja mapema, akabarikiwa yeye. Nawe wakumbuka kisa cha Yakobo na Esau kinachofanana na hiki. Kama kisa hicho ni kweli au ni maneno ya watesi wake, vita vilivyofuata vilikuwa kweli, na wafuasi wa ndugu wawili waliuana kwa miaka mingi hata Sendeyo alipokubali amani mwaka 1902. Basi Olonana alikuwa na huzuni ya namna mbili: huzuni ya msiba uliotoka nje, na huzuni chungu zaidi ya msiba uliotoka nyumbani.

Katika hali hiyo ulimwengu mgeni ukamfikia. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, ikapita katikati ya malisho hata Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Pamoja na garimoshi walikuja watu waliohesabu nchi kwa eka na kuifunga kwa karatasi. Huko nyuma, katika taabu za vita na njaa, Olonana alikuwa amekwisha kutafuta urafiki wa Waingereza, nao wakamfanya mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho laiboni hakuwa nacho katika desturi ya baba zake. Mwezi wa Agosti, mwaka 1904, yeye na wazee wenziwe walitia alama zao juu ya mkataba. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa, wengine wakaenda Laikipia, wengine wakabaki kusini, na bonde likaachwa kwa walowezi. Waliahidiwa kwamba makao hayo mapya yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani.

Hapo ndipo mashtaka yanapoanza. Wako wasemao kwamba Olonana aliuza nchi ili apate cheo. Wako wamteteao wakisema kwamba watu waliokwisha kufa nusu hawawezi kupigana na bunduki, na kwamba alinunua uhai wa waliosalia kwa bei iliyotakiwa. Sitaki kukulazimisha upande mmoja. Lakini nakuonyesha sharti moja lililoandikwa katika mkataba ule, kwa kuwa lina maana kubwa. Wamaasai walitaka waachiwe mahali penye ukubwa wa maili mraba 5 katika mteremko wa Kinangop, wapate kufanyia ibada za jando. Fikiri jambo hilo. Watu wanaondolewa katika nchi nzima, nao wanasimama kudai kipande kidogo ambacho hakikuwatosha kwa malisho, bali kilitosha kwa kumfanya mtoto kuwa mtu mzima. Waliokata shauri la kudai hivyo walijua kutenganisha kitu kinachoweza kuachwa na kitu kisichoachika.

Naona kwamba hapa ugomvi wa methali zetu unaanza kutulia. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo. Lakini asili ni nini? Si kila kilichokuwako jana. Mti una mizizi, na mti una majani. Majani hupukutika wakati wa kiangazi, na mti hauitwi msaliti kwa kuyapukutisha. Mtu mwenye hekima katika ulimwengu mgeni ana kazi moja kubwa kuliko zote: kujua kipi ni mzizi na kipi ni jani. Mjinga wa kwanza hushika majani makavu kwa mikono miwili. Mjinga wa pili hung'oa na mizizi ili apendeze wageni.

Elimu ya kale nayo haifi kwa sababu wenye nguvu wameidharau. Mlowezi maarufu, Lord Delamere, alipewa eka 100,000 pande za Njoro, karibu na Nakuru, nchi yenye majani ya kutamanisha. Wamaasai walikuwa wakiiepuka nchi ile kwa mifugo yao. Delamere aliweka ng'ombe na kondoo wake humo, nao wakadhoofika na kufa wengi. Baadaye sana wataalamu wa mifugo waligundua kwamba udongo wa sehemu hizo una upungufu wa madini ya kobalti, na maradhi yatokanayo na upungufu huo wakayapa jina la Nakuru. Mfugaji hakujua neno kobalti. Lakini alijua jambo lenyewe. Mgeni alikuwa na neno la hati ya ardhi, asijue ardhi. Basi usimcheke mwenye elimu ya zamani kabla hujauliza anajua nini.

Walakini haki hutaka tuseme na upande wa pili. Elimu ya kale peke yake haikutosha. Olonana alikufa mwezi wa Machi, mwaka 1911. Serikali ilisema kwamba kabla ya kufa aliwausia watu wake waondoke Laikipia wakakae wote kusini. Wako waliotilia shaka wasia huo tangu siku zile. Mwezi uliofuata mkataba mwingine ulitiwa sahihi, na ahadi ya mwaka 1904, iliyokuwa ya maadamu kabila lipo, ilikuwa imeishi miaka isiyotimia 7. Watu walianza kuhamishwa, na wengine walikutwa na mvua na baridi juu ya Mau, mifugo ikafa njiani.

Ndipo akatokea kiongozi wa namna nyingine, Ole Gilisho, ambaye Wazungu walimwita Legalishu. Yeye na wenzake hawakushika mikuki. Walitafuta mawakili, wakaishtaki serikali katika Mahakama Kuu, kesi ikiitwa kwa jina la Ole Njogo. Mwaka 1913 mahakama ilikataa kuisikiliza, ikisema kwamba mikataba ile ilikuwa mapatano ya mataifa mawili, na kwamba hakimu hana mamlaka juu yake. Walishindwa, na Laikipia ikawatoka. Lakini maneno yao yaliandikwa, na kilichoandikwa hakikuzikwa pamoja nao: mwaka 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, wajukuu wao waliandamana wakiudai urithi huo. Hiyo ndiyo maana njema ya kufumba jicho kwa wenye chongo. Si kujifanya kipofu. Ni kujifunza jinsi wenyeji wa ulimwengu mpya wanavyoona, ili upate kusema nao kwa lugha wasiyoweza kuikana.

Yabaki neno la huzuni. Watu wengi hudhani kwamba mtu mwenye msiba ana njia mbili tu: kuishi ndani ya msiba wake, au kuusahau. Njia ya kwanza humfanya mtu awe kaburi litembealo. Kila jambo jipya huliona kuwa tusi kwa marehemu wake. Njia ya pili humfanya mwepesi, lakini wepesi wake ni wa mtumbwi usio na shehena, upinduliwao na upepo wa kwanza. Mimi naona iko njia ya tatu, nayo ni kuifanya huzuni kuwa kipimo. Aliyeona watoto wakifa kwa njaa ajua thamani ya amani kuliko kijana anayeimba vita. Aliyepigana na ndugu yake ajua bei ya urithi. Huzuni iliyobebwa hivi haimzuii mtu kujifunza mapya. Humkumbusha ajifunze kwa ajili ya nani. Lakini yataka hadhari, kwa kuwa huzuni ni mshauri mzuri na mtawala mbaya. Yamkini mtu aliyechoshwa na mauti huikubali karatasi ya kwanza inayomwahidi utulivu, wala hauulizi mkono uliyoiandika kama utaitunza.

Wewe, msomaji, huenda usirithi pembe yenye mawe. Lakini hapana shaka utarithi kitu: lugha ya bibi yako, ufundi wa baba yako, dua, shamba, au jina la aliyekufa. Nawe utapelekwa katika ulimwengu mgeni: shule ya mbali, mji mkubwa, kazi ambayo wazazi wako hawakuisikia. Nakuru yenyewe, ambayo ilikuwa malisho, ikawa kituo cha reli, ikawa mji wa walowezi, tangu mwaka 2021 ina hadhi ya jiji. Nchi imegeuka mara nyingi chini ya miguu ya watu wake, na itageuka tena chini ya miguu yako. Siku hiyo usiulize tu, Nishike au niache? Uliza maswali matatu: Katika hiki nilichorithi, mzizi ni upi? Katika hiki kigeni, ni elimu gani nisiyokuwa nayo, ambayo bila hiyo nitadanganywa? Na huzuni yangu, je, yanishauri au yanitawala?

Mwenye kuyajibu kwa uaminifu aweza kukosea, kama walivyokosea watu wakubwa kuliko yeye. Lakini hatakuwa mtumwa wa jana, wala hatakuwa mtumwa wa kesho.