Mkurugenzi wa Mashtaka Anapoondolewa

Septemba 2007, Vusi Pikoli, Mkurugenzi wa Mashtaka wa Afrika Kusini, alimweleza Rais Thabo Mbeki kwamba ofisi yake imepata mahakamani hati ya kumkamata Jackie Selebi. Selebi alikuwa kamishna mkuu wa polisi wa nchi nzima, tena rais wa Interpol. Mbeki akaomba wiki mbili za kuandaa mazingira. Pikoli akajibu kwamba anaweza kusubiri wiki moja. Ikafuata barua ya Waziri wa Sheria ikimtaka asiendelee mpaka waziri mwenyewe ajiridhishe kuwa ushahidi upo. Siku chache baadaye Pikoli alisimamishwa kazi.

Pikoli hakuwa mpinzani wa serikali. Alikuwa kada wa ANC, chama kilichokuwa kikitawala, tangu miaka ya uhamishoni, na kabla ya kupewa ofisi ya mashtaka alikuwa mtendaji mkuu wa wizara hiyohiyo ya sheria. Nalisema hili kwa sababu mwendesha mashtaka akikorofishana na wakubwa, haraka sana watu humtafutia chama. Huyu alikuwa wa kwao kabisa. Kilichomponza ni jalada lililoelekea kwa mtu asiyetakiwa kuguswa.

Uchunguzi juu yake alikabidhiwa Frene Ginwala, Spika wa zamani wa Bunge. Wazee wa Dar es Salaam wanamkumbuka: ndiye aliyepewa na Mwalimu Nyerere uhariri wa gazeti la The Standard lilipotaifishwa mwaka 1970. Ginwala alimkosoa Pikoli kwa kutoyapa uzito wa kutosha mambo ya usalama wa taifa, ikiwemo ile wiki ya pili aliyomnyima Rais. Lakini akasema serikali imeshindwa kuthibitisha kwamba mtu huyu hafai, arudishwe kazini. Rais Kgalema Motlanthe, aliyempokea Mbeki madaraka, alimwondoa hata hivyo, Desemba 2008. Mwaka 2010 mahakama ilimtia Selebi hatiani kwa kupokea rushwa kutoka kwa mlanguzi wa dawa za kulevya, ikamhukumu kifungo cha miaka 15.

Katiba ya Afrika Kusini, ibara ya 179, inataka mashtaka yaendeshwe bila woga, upendeleo wala chuki. Sheria ya mwaka 1998 inampa mkurugenzi kipindi kimoja cha miaka 10, kisichoongezwa, ili asiwe na cha kumbembelezea mtu. Ni kinga ambayo nchi nyingi zingeitamani. Hata hivyo, kati ya mwaka 1998 na 2018 hakuna mkurugenzi hata mmoja aliyeimaliza miaka hiyo 10. Kila aliyeingia alijua namna mwenzake alivyotoka. Kwa mtu wa namna hiyo ikulu haina haja ya kupiga simu. Akiona jina fulani kwenye faili, anajua mwenyewe nini kitampata akilifungua, na faili linabaki kabatini bila mtu yeyote kutoa amri ya kuandikwa wala ya mdomo. Uingiliaji wa aina hii ndio unaonitia hofu zaidi, maana hauachi ushahidi.

Aliyekaimu nafasi ya Pikoli, Mokotedi Mpshe, alitangaza tarehe 6 Aprili 2009 kwamba anafuta mashtaka ya rushwa dhidi ya Jacob Zuma. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 22 mwezi huohuo, na Zuma ndiye aliyekuwa mgombea wa chama tawala. Sababu aliyoitoa Mpshe ilikuwa nzito: simu zilizorekodiwa, ambamo wakubwa wa zamani wa mashtaka walisikika wakijadiliana lini mashtaka hayo yafunguliwe, kwa kutazama mkutano mkuu wa ANC. Kwa hiyo hata upande uliokuwa ukimfuatilia Zuma haukuwa msafi. Lakini waendesha mashtaka wenye kesi mkononi walitaka iendelee, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba kuyafuta hakukuwa na mantiki. Ushahidi ulikuwa palepale. Kama taratibu zilivurugwa, wa kusema hivyo alikuwa jaji. Mashtaka yalirudishwa mwaka 2018. Juni 2025 kampuni ya Thales, inayoshtakiwa pamoja na Zuma, ilikuwa bado mahakamani ikiomba kesi ifutwe kwa kuwa watu iliowategemea kwa utetezi wamefariki dunia. Jaji alikataa.

Zuma alipokuwa Rais alimteua Menzi Simelane, mtu ambaye Ginwala, katika uchunguzi ule, alikuwa ametilia shaka ukweli wa maelezo yake. Mahakama ya Katiba ikabatilisha uteuzi huo Oktoba 2012. Akaja Mxolisi Nxasana, aliyeanza kazi mwaka 2013. Huyu hakutaka kuondoka, na alisema hivyo. Ikatumika fedha. Katika rasimu mojawapo ya makubaliano, sehemu ya kiasi cha malipo iliachwa wazi ili ajaze mwenyewe. Mei 2015 aliondoka na zaidi ya randi milioni 17, fedha za walipa kodi. Tarehe 13 Agosti 2018 Mahakama ya Katiba ilisema kuondolewa kwake kulikuwa batili, ikamwamuru arudishe zaidi ya randi milioni 10, na uteuzi wa mrithi wake, Shaun Abrahams, nao ukaanguka.

Kenya, kwa ibara ya 157 ya Katiba, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka kipindi kimoja cha miaka 8, na Bunge lazima limthibitishe. Tanzania, kwa ibara ya 59B, inamwachia Rais uteuzi na kutamka kwamba mteule asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote. Maneno hayo ni mazuri, na tuyatetee. Ila Afrika Kusini nayo ilikuwa na maneno mazuri, na kilichoinusuru ni mahakama, pamoja na vyama na asasi za kiraia zilizokwenda kufungua kesi mkurugenzi alipoondolewa au kupachikwa kinyume cha sheria. Wabunge na waandishi wa habari, siku mkurugenzi wa mashtaka anapoondoka kabla ya wakati wake, msiishie kutangaza jina la mrithi. Daini barua ya kuondoka kwake, daini hesabu ya alicholipwa, na ulizeni ni majalada gani yalikuwa mezani kwake wiki ile.