Mwiba wa Uroa

Siku za bamvua maji ya pwani ya Uroa hutoka yakaenda mbali kabisa, na kina mama wakayafuata kuchokoa pweza. Siku moja niliinama kuokota kombe zuri lenye umbo la pia, lina madoa ya kahawia kama wavu. Bi mkubwa mmoja akanipigia kelele na kijiti chake mkononi: "Liwache hilo, mwanangu! Huyo ana mwiba."

Konokono yule wataalamu humwita Conus geographus. Mwiba wake umewahi kuua watu, lakini riziki yake ni samaki. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwa ndani ya sumu yake mna insulini: samaki sukari humshuka, akazubaa, akamezwa mzimamzima. Mnyama asiye na shahada anajua kisukari kuliko wengi wetu.

Insulini ya binadamu ina asidi amino 51. Kongosho huiweka imeshikamana sita sita, na mgonjwa akijidunga lazima angoje ziachane. Kinachozishikanisha ni kijimkia chake, na kijimkia hicho hicho ndicho kinachoisaidia kukishika kipokezi cha seli. Ya konokono haina mkia, haigandamani, na bado inafanya kazi. Watafiti wakaiga hila hiyo, kompyuta ikiwaigizia atomi zinavyosogeleana na kukwepana, na mwaka 2020 wakatoa insulini ndogo iliyofanya kazi kwa panya.

Sasa, kazi ya insulini ile, protini ya konokono, ni ipi: kuua au kutibu? Tangu mkemia Emil Fischer mwaka 1894 afananishe kimeng'enya na kile kinachokishika na kufuli na ufunguo wake, tumezoea kusema habari za funguo. Mwaka 2022 programu ya AlphaFold ilitoa maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, yote ya kukadiriwa. Ni hazina, sibishi. Ila ufunguo bila mlango ni kipande cha chuma tu, na nyingi kati ya hizo milango yake hatujaijua. Mimi siamini kwamba kazi imo ndani ya kitu kama kiini ndani ya yai. Huzaliwa pale kitu kinapokutana na mwenziwe. Hila moja, kwa samaki ni mauti, kwa mgonjwa huenda ikawa nafuu.

Nawe ukimkuta konokono huyo ufukweni, mwache alipo. Sumu yake mpaka leo haina dawa.