Mgeni na Mtaa wa Kukaa

Ametuandikia ndugu yetu mmoja, mwalimu, mzaliwa wa upande wa Ijara, akituuliza suala ambalo kwanza tulilidhani dogo. Amepata kazi Garissa mjini, naye atahama Masalani na mkewe na watoto wanne. Jamaa zake wamwambia akae katika bulla yao (ndivyo waitavyo mtaa huko), kwa kuwa ami yake ana kiwanja kitupu ubavuni mwa nyumba yake, wala hatamtoza kitu. Mkewe ataka mtaa mwingine, ulio karibu na skuli, ambao wakazi wake ni mchanganyiko: Wasomali wa koo mbali mbali, Wapokomo, Wakamba, na watu wa pwani waliokwenda huko kwa kazi na biashara. Ami alipopata habari alituma neno moja tu: "Huko utakakokwenda, siku ukifa nani atakuosha?" Basi ndugu yetu auliza: je, mtu ana ruhusa kuwaacha watu wake akakae na wageni, au huko ni kukata udugu?

Barua hii tuliisoma katika darsa baada ya sala ya Isha, tukidhani tutaimaliza kabla ya kahawa kupoa. Hatukuimaliza hata usiku wa pili. Wenzetu waligawanyika, na waliokuwa wakali zaidi ni wale waliopata kuhama wenyewe.

Tuanze na haki ya ami, maana ni rahisi kwa mtu aliyesoma kumcheka mzee kama huyu na kusema, "Huu ni ukabila." Ijara ni nchi ya ng'ombe. Mvua zilipokosekana misimu mitano kwa kufuatana, tangu mwisho wa 2020 hata 2022, wako watu waliolala na makundi na kuamka na ngozi. Kabla ya hapo, mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007, homa ya Bonde la Ufa iliua watu na wanyama, na minada ikafungwa, hata aliyesalimika na mifugo hakuwa na pa kuiuza. Mtu kama huyo akiingia mjini mikono mitupu, nani humpokea? Si baraza la mji wala si tajiri wa sokoni. Humpokea binamu mwenye chumba kimoja, akalala yeye nje na mgeni akalala ndani.

Tena iko khofu, nayo ina sababu zake. Tangu 1966, katika vita vile vilivyoitwa vya Shifta, serikali iliwakusanya wafugaji wa nchi ile katika vijiji vilivyolindwa kwa bunduki. Kuchagua pa kukaa hakukuwa tena khiari ya mtu. Mwezi wa Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, hapo hapo Garissa, ulitiwa moto na askari, na wakazi wakazuiliwa siku kadhaa katika uwanja wa skuli bila chakula wala maji. Mambo hayo yameandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, wala si hadithi za vibarazani. Mwaka wa 1989 Wasomali wa Kenya wakaamriwa kuhakikiwa uraia na kuchukua kadi yao mbali na ya wenzao. Watu walioyaona hayo hawachagui mtaa kwa kutazama bomba na umeme peke yake. Hutazama ni nani atakayejua kuwa baba hakurudi nyumbani usiku ule.

Kwa hiyo twasema: aliyekimbilia kwa watu wake katika dhiki hana lawama yoyote, na aliyempokea ana ujira kwa Mola wake. Lakini ndugu yetu hakukimbia. Ana mshahara, ana kazi, ana khiari. Na mwenye khiari huulizwa yale asiyoulizwa mwenye dhiki.

La kwanza la kuulizwa ni hilo la kiwanja kisicho kodi. Sisi twakiogopa. Mtu hupewa ardhi bure na jamaa yake, kisha mwaka wa uchaguzi huambiwa kura yake ni ya nani. Binti akifika umri huambiwa mchumba ni nani. Na mtoto wa ami akimdhulumu mtu wa ukoo mwingine, huambiwa anyamaze. Wala hakuna aliyemdanganya. Alilipa kodi kama watu wote, ila hakuandikiwa risiti.

La pili ni hali ya mji wenyewe. Kila mmoja akienda kwa wake, mji hautakuwa mji bali kambi zilizotazamana. Kisima huwa cha fulani, skuli huwa ya fulani, na twaona haya kulisema, hata msikiti huwa wa fulani, imamu akatafutwa kwa nasaba kabla ya elimu. Watoto wa pande mbili hukutana kwa mara ya kwanza siku ya ugomvi, nao hawajuani hata majina. Anayechagua nyumba hudhani achagua paa na kuta. Kumbe atia jiwe katika mji wa watoto wake, upande mmoja au wa pili.

Mmoja wetu alitukumbusha siku Mtume (S.A.W.) alipowasili Madina. Kila ukoo uliushika khatamu ya ngamia wake ukimwita: karibu kwetu, tuna watu na tuna nguvu. Akawaambia wamwache ngamia aende. Hakutaka kuanza maisha ya mji ule kwa kuukubali ukoo mmoja na kuukataa mwingine. Hapo mwenzetu wa upande wa ami akasimama, akasema: "Na ngamia alipiga magoti wapi? Kwa Banu Najjar, wajomba wa babu yake!" Tukacheka, kwa kuwa ni kweli, na hoja yake ni nzito. Lakini asiisahau habari iliyobaki. Kiwanja kile kilikuwa cha mayatima wawili, wakataka kukitoa bure, naye akakataa mpaka akakilipia thamani yake. Kisha akajenga hapo msikiti usiokuwa wa ukoo wowote. Kukaa karibu na jamaa si aibu. Aibu ni kuufunga mlango nyuma yako.

Sasa natugeuze uso tujitazame sisi wa pwani, kwani tukikomea Garissa tutakuwa tumewasengenya watu wasiokuwapo. Lau ndugu huyu angehamia Mombasa badala ya Garissa, angepata nyumba wapi? Twawajua wenye nyumba wa kwetu, Waislamu wa safu ya mbele, ambao swali lao la kwanza kwa mpangaji ni "Wewe mtu wa wapi?" na wakisikia jibu, chumba huwa kimeshachukuliwa tangu jana. Kisha twakaa barazani tukilalamika kuwa watu wa bara ya kaskazini hukaa peke yao na hawachanganyiki na watu. Watachanganyika na nani, na milango tumeifunga? Na sisi ni nani? Hebu tuyahisabu majina ya Thenashara Taifa: mna humo Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka. Haya ni majina ya miji ambayo wazee wetu waliihama. Kila mmoja wetu ni mjukuu wa mgeni aliyepata mahali pa kutua, isipokuwa sisi tumepata muda mrefu wa kusahau.

Ndugu yetu ametaja pia viwanja rahisi vya kandokando ya Mto Tana. Hapo hatuna maneno mengi. Mto ule ulitoka katika mvua za 1997 na 1998, ukatoka tena Novemba 2023 na Aprili 2024, na watu wakahamia kambini. Maskini hukaa pale kwa kuwa hana pengine. Mwenye mshahara asipeleke watoto pale kwa kuokoa fedha kidogo, wala asimpandishie bei maskini wa watu.

Basi jawabu letu ni hili. Akifika Garissa ashukie kwanza kwa ami yake, yeye na mke na watoto, majuma mawili au matatu, ale naye na alale kwake, ili ijulikane kuwa hakumkimbia. Kisha apange nyumba katika mtaa aliouchagua mkewe, kwa kuwa mke ndiye atakayekaa na majirani hao mchana kutwa, naye hakuulizwa na mtu ila mumewe. Ijumaa awapeleke watoto kwa ami. Likitokea deni au ugonjwa kule awe wa kwanza kufika.

Amma lile swali la kuoshwa, sharia imekwisha kulijibu: maiti ni haki juu ya Waislamu waliopo, si juu ya ukoo. Lakini mzee hakuuliza sharia. Aliuliza kama kuna mtu atakayejua. Na hilo halijibiwi na kitabu. Msiba wa kwanza utakaotokea katika mtaa ule mpya, uwe wa Mpokomo au wa mtu wa ukoo asioujua, mwalimu na aende akachote maji, asimame na waoshaji, kabla hajafika wa kwao kuoshwa.

Mwenzetu yule wa upande wa ami hakuridhika, na ametaka maneno yake yachapwe, nasi twayachapa kama alivyoyasema: "Nyinyi makaburi ya babu zenu yako hatua kumi kutoka hapa mlipokaa. Ni wepesi kwenu kumwambia mtu akakae na wageni."