Jina Kubwa



Likizo hii nimegundua kitu kibaya ndani yangu. Bodaboda mmoja aliniuliza, "Dogo, unaenda wapi?" Moyo ukachafuka. Dogo? Mimi, Frateri? Kijijini kwetu hata mabibi wananiachia kiti, na nimeshazoea kukikalia.

Nikamkumbuka Mwenyeheri Justo Takayama Ukon wa Japani. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa daimyo, yaani bwana mkubwa mwenye ngome, ardhi na samurai wake. Neno lenyewe, dai ni kubwa, myo ni jina. Jina kubwa! Na asili ya jina hilo ni shambani: mashamba yaliyoandikwa kwa jina la mwenyewe. Baadaye, enzi za Tokugawa, ardhi yako ilipaswa kukadiriwa koku 10,000 za mchele ndipo uhesabiwe daimyo, na koku moja ilichukuliwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Ukinyang'anywa ardhi, basi, na jina limekwenda.

Ukon alibatizwa mwaka 1564, akiwa bado mtoto. Alipotawala Takatsuki, yeye na baba yake walibeba jeneza la maskini, kazi waliyoachiwa watu waliodharauliwa. (Mimi hata benchi la kanisani nasubiri wanakwaya walibebe.) Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi akamtaka aikane imani. Akakataa, akapoteza himaya yake ya Akashi. Zaidi ya miaka 25 akaishi chini ya hifadhi ya mabwana wengine, hasa huko Kanazawa. Mwaka 1614 Tokugawa Ieyasu akawafukuza, naye akasafiri kwa meli na Wakristo wapatao 300 hadi Manila. Homa ikamwua Februari 1615, hata miezi miwili haijaisha tangu afike. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri, tena kama mfiadini, Osaka, tarehe 7 Februari 2017, ingawa hakuna upanga uliomgusa.

Hapo ndipo panaponichoma. Upanga ni wa siku moja. Yeye aliamka asubuhi ngapi bila lile jina?

Mwezi ujao natakiwa kumwandikia Askofu barua ya kuomba kuendelea na teolojia. Nimeianza mara mbili nikaichana, maana sijajua ninachokitaka: Kristo, au kile kiti cha mabibi.

Jumapili nilimtafuta yule bodaboda.

"Dogo, kanisani?"

"Ndiyo, kaka. Twende."