Vifaranga Watatu

Bibi jirani hakuja na maneno makali. Alikuja na ungo. Ndani yake walilala vifaranga wawili waliokufa. Wa tatu, alisema, hakuachwa hata unyoya. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauweka ungo kwenye kizingiti changu, kisha akaniuliza swali ambalo sijamaliza kulijibu mpaka leo.

"Mjukuu wangu, huyu paka ni wako au ni wa Mungu?"

Nilielewa anachouliza. Paka wa Mungu ni lile shume la sokoni, halina bakuli wala jina. Likimla kifaranga wako unaguna na kuendelea na kazi, kama vile kapita mwewe. Paka mwenye mwenyewe ni habari nyingine. Huyo akila, kuna mtu wa kuulizwa.

"Wangu, bibi," nikasema.

"Basi tuhesabu."

Nilitaja bei ya vifaranga watatu nikidhani nimekuwa muungwana. Akatikisa kichwa. "Wewe unahesabu kifaranga. Mimi nahesabu kuku." Halafu, kabla sijaanza kubisha, akapunguza deni lake mwenyewe: watatu wasingekua wote, mmoja angechukuliwa na mwewe, mmoja angeondoka na mdondo. Nimlipe kuku mmoja. Nililipa, na jioni ile nikamfungia Vumbi ndani.

Vumbi ni paka dume, rangi yake kama udongo wa njia ya kwetu. Nilimpata mwaka mmoja baada ya kuhamia Dodoma. Nilikuwa mmoja wa waliofuata kazi huku Serikali ilipoanza kuhama kweli kweli kutoka Dar es Salaam, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kukaa kwenye makaratasi zaidi ya miaka 40. Nyumba niliyopanga iko pembezoni mwa mji, mahali ambapo ukuta mpya wenye geti unapakana na shamba la uwele. Upande wangu kuna marumaru na madirisha ya vioo. Upande wa bibi kuna banda la kuku, jiko la nje na chumba cha kuwekea nafaka. Tunatenganishwa na ukuta ambao mtu mzima hawezi kuuruka. Paka anauruka kwa pumzi moja.

Kabla ya Vumbi nilikuwa na paka mwingine. Aliingia siku moja jioni akitetemeka, akafa kabla ya saa sita usiku. Alikuwa amekula panya aliyekula sumu. Nani aliitega sikujua, na sikuuliza, maana aliyeitega hakumlenga paka wangu. Wahenga walishasema kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Kwa hiyo nilipofunga mlango nilikuwa na sababu mbili mkononi, vifaranga wa jirani na uhai wa Vumbi mwenyewe. Nilidhani jambo limekwisha.

Wiki ya kwanza alilia. Usiku alizunguka kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alipasua wavu wa mbu wa dirisha la sebuleni, nikaushona, akaupasua tena. Wiki ya pili alikaa dirishani kutwa akiangalia ua wa bibi, taya likimtetemeka kila kuku alipopita. Wiki ya tatu akaacha. Alikula, akalala, akaamka, akala. Wageni walisema, "Huyu paka ana adabu." Mimi nilijiambia kwamba amezoea. Lakini nimeishi na watu walioacha kulalamika, na ninajua kwamba kunyamaza kwa mtu hakumaanishi ameridhika.

Nilianza kusoma, kama afanyavyo mtu anayetafuta ruhusa. Wanaotaka paka wafungiwe wana hoja nzito. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2013 kwamba paka wa nchi hiyo huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, ingawa sehemu kubwa huuawa na paka wasio na wenyewe. Katika kisiwa cha Stephens, New Zealand, kulikuwa na ndege mdogo asiyeweza kuruka. Mnara wa kuongozea meli ulipojengwa, watu walikuja na paka, na baada ya muda mfupi mwishoni mwa karne ya 19 ndege yule akatoweka. Mwaka 2022 mji wa Walldorf nchini Ujerumani uliamuru paka wa eneo fulani wafungiwe ndani hadi mwisho wa Agosti, kwa ajili ya ndege anayetaga chini ambaye jozi zake zilikuwa zimebaki chache.

Siku moja nilimweleza bibi habari za ndege hawa. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Ndege? Angenilia kwelea kwelea wote, ningemchinjia jogoo." Nani anaweza kumlaumu? Katika nchi hii kavu, yenye mvua za msimu mmoja, mtama na uwele ukianza kukomaa watu huamka alfajiri kuulinda, wakipiga madebe na kurusha mawe, na kundi la kwelea kwelea likishuka linaweza kumaliza kazi ya mwaka. Kwake neno ndege halikai karibu na neno huruma. Hata hivyo kuna ndege wengine hapa. Yuko kwezi wa rangi ya majivu, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Tanzania. Yeye hajala uwele wa mtu kiasi cha kuhukumiwa na mdomo wa paka wangu. Hoja ya Ujerumani haiwezi kuhamishiwa Dodoma jinsi ilivyo, lakini haiwezi kutupwa yote.

Wanaotaka paka waachwe nao wana lao. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Brambell huko Uingereza ilisema kwamba mnyama wa kufugwa walau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Vumbi aliyaweza yote hayo kwenye zulia langu. Kama kipimo ni hicho, sikuwa na deni. Lakini methali yetu inasema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Nilikuwa nimempa wali. Matilaba yake yalikuwa nje ya dirisha.

Kuna pia hadithi ya Mtume, ambayo Waislamu wengi tumeisikia tangu madrasa, kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Zamani niliisikia kama hadithi ya ukatili tu. Safari hii nilisikia mpangilio wake. Kosa limejengwa juu ya kufunga kusikoandamana na kulisha. Mtu angeweza kutoka kwa mlango wowote kati ya miwili: amlishe, au amwachie. Mimi nilimlisha, kwa hiyo nilikuwa nimeshatoka. Lakini nilibaki nikijiuliza kwa nini hadithi imemtaja yule paka akijitafutia mwenyewe, kana kwamba kujitafutia nako ni riziki yenye heshima yake.

Kilichonisaidia zaidi kufikiri kilikuwa hesabu ya bibi. Yeye hakumdai mwewe. Mwewe alimhesabu kama ukame na mdondo, mambo ya dunia. Tofauti ya mwewe na Vumbi haiko kwenye makucha. Mwewe asipopata mawindo anakufa njaa au anahama, na njaa hiyo inawapumzisha vifaranga. Vumbi hafi njaa. Bakuli langu linamfanya mwindaji asiyeguswa na uhaba wa mawindo, mwenye nguvu kila asubuhi. Ninapomlisha na kumwachia, ninachangia kila kinachouawa na makucha yale.

Kwa hiyo swali la kama Vumbi ana haki ya kutoka lilikuwa nusu ya swali. Nusu ya pili ni nani anayelipia kutoka kwake. Nilipomwacha huru, bibi ndiye aliyelipa, na hakuwa ameulizwa. Nilipomfungia, Vumbi alilipa peke yake, naye hakuwa ameulizwa. Katika mipango yote miwili, mtu ambaye hakulipa chochote ni mimi.

Wiki ya nne bibi alirudi, bila ungo. "Paka yuko wapi?"

Nikamwambia kwa fahari kidogo kwamba nimemfungia, kama tulivyoelewana.

"Tulielewana wapi? Tulihesabu kuku. Panya wamerudi."

Alinipeleka kwenye chumba cha nafaka. Mavuno yake ya mwaka yalikuwa humo, kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, na miwili ilikuwa imetobolewa pembeni. Nafaka inayoharibika ghalani haichukuliwi kwa mzaha huku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nilikuwa nimewaokoa vifaranga na kuwafungulia panya.

Nilikumbuka jinsi paka walivyotujia. Paka wote wa nyumbani wanatokana na paka pori, yule ambaye mpaka leo anaishi kwenye nyika zetu. Huko Cyprus, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka aliyezikwa kando ya mtu miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Inaaminika alisogea karibu na watu kwa sababu walianza kuhifadhi nafaka, na nafaka ilileta panya. Mapenzi yalifuata baadaye. Madai ya bibi kwa Vumbi yalikuwa ya zamani kuliko yangu.

"Sasa nifanye nini, bibi? Nikimtoa anakula vifaranga, nikimfungia panya wanakula uwele."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesoma sana. "Kuku wanalala saa ngapi?"

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Mchana Vumbi yuko ndani, analala. Usiku vifaranga wakiwa bandani na panya wakiwa kazini, anatoka. Ninajua kwamba kwingine ushauri ni kinyume chake, paka afungiwe usiku. Kwetu saa zimepangwa na kuku na panya. Nimemhasi, kwa ajili ya paka pori wa nyika hizi, ambaye damu yake inapotea ikichanganyika na ya hawa wetu. Nimempa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nimezunguka nyumba za jirani kuomba wasitege sumu. Wawili walikubali, mmoja alisema atafikiria. Bibi nampa kuku mmoja kila mwaka, awe Vumbi amekosa au hakukosa.

Sidai kwamba nimepata haki kamili. Usiku una mbwa na bodaboda zisizo na taa, na yule jirani wa tatu bado anafikiria. Alfajiri moja niliokota manyoya ya rangi ya majivu kwenye kizingiti, mahali pale pale palipowekwa ungo. Bibi hakuja kudai. Ndege yule hakuwa na mtu wa kumbebea kwenye ungo. Nilikaa naye kidogo kabla ya kumfukia, na siku iliyofuata nilimfungia Vumbi usiku pia. Siku ya tatu nikamfungulia. Bado sijui ni usiku upi kati ya ile miwili nilikosea.

Kila jua linapozama ninasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, Vumbi akijisugua miguuni. Ninasubiri kusikia bibi akihesabu kuku wake kwa sauti, mmoja mmoja, halafu mlango wa banda ukifungwa. Ndipo ninapofungua.