Adhabu ya Eva na mzigo wa kuni

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo sisi wanaume tumezoea kuwaachia wanawake walizungumze wao kwa wao, kisimani au jikoni. Ni maumivu ya nyonga na ya kinena yanayowapata akina mama wenye mimba. Msishangae kuona katekista analiandika. Nilitenda kosa juu ya jambo hili, na kosa langu lilitoka katika mafundisho niliyodhani kwamba nayajua vema.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiongoza ibada ya Dominika katika kikanisa kimoja cha milimani huku Masisi, maana Padri hawezi kufika kila juma. Ulipofika wakati wa kupiga magoti, mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba hivi alibaki amesimama, ameshika ukuta. Wamama wazee wakamtazama kwa jicho la pembeni. Baada ya ibada nikamwita. Akanijibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nikipiga magoti siwezi kuinuka tena. Huku chini ni kama mifupa inaachana." Nami nikamwambia nini? Nikamwambia amkumbuke Eva, ya kuwa maumivu hayo ni malipo ya dhambi ya kwanza, basi amtolee Bwana kama sadaka. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Nje ya kikanisa alikuwa ameacha mzigo wake wa kuni (naam, siku ya Dominika, moto wa jikoni haujui Dominika). Akaupakia mgongoni, akaweka kamba juu ya paji la uso, akashuka mlima akiyumba huku na huku. Nami nikaenda zangu nimeridhika. Nilikuwa nimefundisha!

Baadaye mke wangu akapata mimba ya mtoto wetu wa tatu. Usiku, akitaka kugeuka kitandani, alilia kama mtu aliyechomwa kisu. Asubuhi hakuweza kuinua mguu mmoja ili avuke kizingiti. Siku ile Eva hakunisaidia kitu. Nilimpeleka kwa mkunga, na yule mkunga alinifundisha yale ambayo sikuyapata seminarini.

Nyonga si mfupa mmoja. Ni mifupa iliyoungana, nyuma karibu na uti wa mgongo na mbele kwenye kinena, na maungio yake yamefungwa kwa kano ngumu. Wakati wa mimba mwili wa mama hulegeza kano hizo, ili njia ya mtoto ipate nafasi. Papo hapo mtoto azidi kuwa mzito, na tumbo lavuta mgongo kwa mbele. Wengi huzoea. Lakini kama mama 1 kati ya 5 hupata maumivu ya kweli, kwa sababu maungio hayatulii mahali pake. Maumivu huzidi mama akisimama kwa mguu mmoja, akipanda mlima, akipanua miguu, akigeuka kitandani, na zaidi ya yote akibeba kitu kizito. Mara nyingi hupungua na kwisha baada ya kuzaa. Si ugonjwa wa kuua mtoto, wala si uchawi wa wifi. Wala si uvivu.

Haya, sasa turudi kwa Eva. Ni kweli, kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba baada ya dhambi Mungu alimwambia mwanamke kuwa atazaa kwa uchungu. Lakini someni mistari inayofuata: Adamu naye aliambiwa kwamba ardhi itamwotea miiba, na kwamba atakula kwa jasho. Tena katika Kiebrania neno linalotajwa kwa taabu ya Eva ndilo hilohilo linalotajwa kwa taabu ya Adamu. Sasa nauliza: nani kati yetu ameona mwiba katika shamba lake la maharagwe akauacha, akisema ni adhabu ya Mungu, nisiung'oe? Tunaung'oa mara moja. Yule kijana anayeshuka na chukudu yake imejaa viazi, nani amewahi kumkemea kwamba magurudumu yanampunguzia jasho ambalo Adamu alihukumiwa? Hakuna. Basi kwa adhabu ya Adamu tumetafuta jembe, panga, chukudu na lori. Kwa adhabu ya Eva tumetafuta mahubiri.

Wala hili si wazo langu peke yangu. Katika miaka ya 1950 mganga Fernand Lamaze alileta Ufaransa njia ya kuzaa bila maumivu makali, aliyojifunza kwa waganga wa Urusi. Wakristu wengi wakaingiwa na mashaka: je, tutakubali jambo lililotoka kwa watu wasiomwamini Mungu, tena linalopingana na Maandiko? Tarehe 8 Januari 1956 Baba Mtakatifu Pius XII aliwajibu waganga. Alieleza kwamba Mungu, alipomwadhibu Eva, hakuwakataza akina mama kutumia njia za kupunguza uchungu, kama vile hakumkataza Adamu kutafuta njia za kupunguza taabu ya kazi. Na mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari 1957, alipokuwa akisema na waganga wa dawa za usingizi, alifundisha kwamba Mkristu hana wajibu wa kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe. Aweza kuyapokea kwa hiari yake, kwa mapendo ya Kristu. Lakini hiari ni hiari.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Kutolea mateso yako mwenyewe ni jambo moja, na wako watakatifu waliolifanya. Kutolea mateso ya mwenzako ni jambo lingine kabisa. Mimi sikuwa na maumivu yoyote siku ile. Nilikuwa mzima, nimekula viazi, na nilimtolea Mungu sadaka ya nyonga za mama wa watu. Watu wa pwani wana methali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba nyepesi ya mto wa kulalia. Katika Masisi methali hii yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila nyumba, maana hapa mzigo ni mzigo kweli: kuni, maji, viazi, mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, vyote juu ya mgongo mmoja, na njia yote ni kupanda na kushuka katika udongo unaoteleza.

Huko Walikale kwenye msitu mkubwa mzigo ni mihogo na mafuta ya mawese, na mara nyingi mume hayupo, amekwenda kuchimba kasiteriti au dhahabu. Naomba mtazame ajabu hii. Tangu mwaka 2012 kanuni za serikali za kupima machimbo zinauliza kama wanawake wenye mimba wanafanya kazi pale, na machimbo ambamo wamekutwa hayastahili alama ya kijani. Yaani jiwe lililobebwa na mama mjamzito lina doa. Na chakula chetu cha jioni je? Hakuna mkaguzi anayekuja kukipima.

Najua jibu nitakalopewa: "Mama zetu walizaa watoto kumi bila maneno haya." Walizaa, ni kweli. Je, tuliwauliza? Tena nyumba nyingi za zamani zilikuwa na mama mkwe, shangazi, wadogo wa kike wa kushika ndoo. Leo vita vimetawanya watu. Mapigano yalipofika Masisi mwezi wa Januari 2025, na Walikale mwezi wa Machi mwaka huohuo, akina mama walikimbia na mimba mbele, godoro kichwani. Mama wa namna hii ukimwambia "pumzika" unamdhihaki. Basi asiambiwe apumzike, apokewe mzigo.

Yako mambo madogo yanayosaidia, nayo nimeyaona nyumbani kwangu. Akigeuka kitandani, abane magoti pamoja na kugeuka mwili mzima. Alale kwa ubavu, na kikwembe kilichokunjwa kati ya magoti. Avae nguo akiwa ameketi. Kitambaa kikifungwa imara kuzunguka nyonga, chini ya tumbo, kinashika mifupa. Kutembea kidogo ni vizuri. Kulala kutwa nzima hudhoofisha. Parasetamoli muuguzi aweza kuitoa kwa kipimo, lakini aspirini na ibuprofeni zisinunuliwe hovyo sokoni, maana zaweza kumdhuru mtoto, hasa baada ya nusu ya mimba. Na kama pana damu, au homa, au maji kutoka, au kukojoa kwa kuungua, au kichwa kuuma sana, au tumbo linakaza na kulegea kabla ya wakati, au mtoto amenyamaza tumboni, hayo si ya nyonga tena: mpelekeni upesi, hata kwa tipoyi. Karibu na hospitali ya Masisi, Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza kazi huko mwaka 2007, waliweka makao ya akina mama wenye mimba za hatari kungojea siku yao karibu na waganga. Yeyote aliyefikiria jambo hilo alikuwa ameuona mlima wetu.

Mara nyingi tunasali fumbo la pili la furaha, Maria anakwenda kumtazama Elizabeti. Mtakatifu Luka asema alikwenda kwa haraka, katika nchi ya milima, akakaa miezi kama mitatu. Elizabeti alikuwa mzee, na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa sita. Kazi ya miezi ile mitatu Luka hakuiandika, lakini kila mama wa Masisi aijua: ni maji na kuni. Maria hakwenda kumwambia jamaa yake kwamba maumivu yanafaa kwa roho. (Zakaria naye alikuwa bubu wakati ule. Pengine ilisaidia.)

Mama yule wa kikanisani nilikwenda kumwomba msamaha. Alicheka tu, akanionyesha mtoto. Tangu siku ile tuliweka benchi upande wa kuume kwa akina mama wenye mimba, wakae wakati wengine wanapiga magoti. Na nyumbani, siku ya kwanza nilipotoka na kamba ya kuni juu ya paji la uso wangu, watoto wa jirani walinifuata mlima mzima wakipiga kelele: "Mwalimu amekuwa mwanamke!" Nilifika juu shingo inawaka moto, miguu inatetemeka, nami sina mimba. Siku ya pili walinifuata watoto watatu tu.